Maswali ya Wasomaji: Majani ya Maharage na Mbolea ya Kupuliza

Swali: Bwana shamba, maharage yangu yana wiki tatu tangu yaote na majani yanageuka njano kati ya mishipa. Dukani nimeshauriwa kununua busta (mbolea ya kupuliza majani) yenye "madini yote". Nichukue?

Jibu: Usinunue kitu kabla hujakagua ni jani lipi limeanza. Njano ikianzia majani ya chini kabisa, madini madogo (yale mmea unayohitaji kwa kiasi kidogo, kama chuma, manganizi na zinki) si mshukiwa wa kwanza. Fikiria naitrojeni au magnesi. Ikianzia juu, kwenye majani mapya, na jani likakaribia kuwa jeupe huku mishipa ikibaki kama wavu mwembamba wa kijani, hapo ni chuma. Manganizi hufanana nayo, ila kijani kando ya mishipa huwa kipana zaidi na mara nyingi vidoa vya kahawia hufuata. Upungufu wa zinki hujionyesha mche ukiwa bado mdogo: majani madogo, membamba, yaliyojikunja, pingili fupi, na njano inayogeuka kahawia kati ya mishipa.

Kama bado una shaka, jaribu mistari michache. Puliza mistari miwili kwa zinki peke yake, miwili kwa chuma, miwili kwa manganizi, na kati yake acha mistari isiyoguswa. Rudi baada ya siku 7 hadi 10. Chuma hujitangaza chenyewe, maana jani huwa kijani kwa madoa, pale tu tone lilipoangukia. Busta ya madini yote haikupi jibu hilo, na kiasi cha kila madini ndani yake mara nyingi ni kidogo mno kutibu upungufu wa kweli.

Kwa zinki, tumia gramu 100 za salfeti ya zinki kwa bomba la lita 20, pamoja na gramu 50 za chokaa iliyozimwa. Manganizi hufuata kipimo hichohicho. Kwa chuma, gramu 100 za salfeti ya chuma na gramu 20 za asidi ya sitriki; changanya siku ileile, kwani maji yakishageuka rangi ya kutu chuma hicho hakifai tena. Zinki rudia mara moja baada ya siku 10 hadi 14. Chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jipya, kwa hiyo kila majani yanapochipua njano unarudia.

Pima pia pH ya udongo, yaani kiwango cha tindikali. Ikizidi 7, madini haya yamo ardhini lakini mzizi hauyapati. Fosforasi nyingi nayo huzidisha njaa ya zinki. Kupuliza huokoa msimu huu tu. Kwa zinki, kilo 25 za salfeti kwa hekta, zikichanganywa na udongo kabla ya kupanda, huhudumia misimu kadhaa.

Swali: Nilipuliza salfeti ya zinki, siku ya pili kingo za majani zikaungua. Kwa nini?

Jibu: Hukueleza kama ulitia chokaa. Salfeti bila chokaa ni kali kwa jani laini la maharage. Sababu nyingine ni jua la mchana: tone hukauka upesi, chumvi inabaki imekolea juu ya jani. Puliza asubuhi mapema au jioni, mvua ikiwa haitarajiwi kwa saa kadhaa, na fikisha dawa hadi upande wa chini wa jani, ambako hupenya kwa urahisi zaidi. Loweka chokaa pembeni, ichuje kwa kitambaa ndipo uimimine. Isipochujwa itaziba nozeli.

Pima na mwendo wako. Jaza maji matupu, puliza mita 10 kwa 10. Ukitumia lita 2, unapuliza lita 200 kwa hekta, yaani bomba takribani nne kwa ekari. Ukitumia lita 4, jani limepata mara mbili ya ulichokusudia.

Swali: Maharage yamepauka jani zima, na vinundu vya mizizini ni vichache na vyeupe ndani.

Jibu: Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu au cha waridi ndani. Udongo wenye tindikali huficha molibdeni, na bila hiyo bakteria waishio ndani ya vinundu hawawezi kunasa naitrojeni. Gramu 200 za molibdeti ya sodiamu kwa hekta (gramu 20 kwa bomba, kwa mwendo wa lita 200 kwa hekta) zinatosha, mara moja, kati ya siku 15 na 25 baada ya kuota. Kuweka chokaa shambani ndiyo dawa ya kudumu.

Swali: Naweza kuongeza boroni ili maua yasidondoke?

Jibu: Bila kipimo cha udongo au jani, hapana. Maharage huvumilia boroni kidogo sana. Ikizidi, kingo za majani ya chini huwa njano kisha hukauka. Maua hudondoka zaidi kwa joto na ukame.

Swali: Na kuchanganya na dawa ya ukungu kwenye bomba moja?

Jibu: Jaribu kwanza kwenye chupa kwa uwiano uleule, uache nusu saa. Ikiganda au ikituama chini, puliza kila kimoja kivyake. Mchanganyiko wenye chokaa usiuunganishe na dawa yoyote, na zinki usiitie pamoja na mbolea ya fosfeti.