Wasomaji Wauliza: Vikombe vya Kauri vya Laini za Msongo Mkubwa

Barua za safari hii zimeangukia kitu kimoja: kikombe cha kauri kinachobeba waya kwenye nguzo na minara. Vitabuni kinaitwa kihami; sisi tutasema kikombe kama wasemavyo mafundi, na pale vinapoungana kuwa mnyororo tutaita kila kimoja sahani. Tumejibu barua sita.

Laini yetu ya kilovoti 132 ina sahani nyingi kuliko laini za wenzetu wa bara, na msongo ni uleule. Idadi inapatikanaje?
*Fundi wa laini, Tanga*

Msongo ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni uchafu, na kwenu uchafu huo ni chumvi. Chumvi kavu haipitishi umeme, ndiyo maana mchana wa jua kali mnyororo unatulia hata ukiwa mweupe kwa chumvi. Kazi huanza usiku wa manane, umande unaposhuka. Chumvi inalowa, mkondo mdogo unaanza kutambaa juu ya uso wa sahani, na pale uso ulipo mwembamba, karibu na pini (chuma kinachotokea chini ya sahani), mkondo unabanana na kuukausha. Hapo hujitokeza mkanda mkavu, na karibu msongo wote wa sahani unaulalia mkanda huo. Cheche zinaruka. Chumvi ikiwa nyingi, cheche zinarefuka, zinashikana sahani kwa sahani, na alfajiri laini inakatika. Mvua kubwa ya masika inawasaidia kwa kuosha. Manyunyu na ukungu baada ya miezi mikavu ndiyo hatari.

Kwa hiyo tunapima urefu wa uso, yaani njia ambayo sisimizi angetembea kutoka kofia ya chuma iliyo juu hadi pini bila kuruka mikunjo. Sahani ya kawaida ya kipenyo cha milimita 255 ina uso wa milimita 295 hivi. Mwongozo wa zamani wa IEC 60815, wa tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ulitaka milimita 16 kwa kila kilovoti penye uchafu mdogo, 20 penye uchafu wa wastani, 25 penye uchafu mwingi na 31 penye uchafu mwingi mno. Laini ya kilovoti 132 huhesabiwa kwa msongo wake wa juu kabisa, 145. Bara penye uchafu wa wastani: 145 × 20 = milimita 2,900, gawa kwa 295, unapata 9.8, weka sahani 10. Pwani: 145 × 25 = 3,625, gawa kwa 295, unapata 12.3, weka 13. Ufukweni kabisa, kwa 31, unafika sahani 16, na mnyororo wa namna hiyo unaweza kuwa mrefu kupita mkono wa mnara wako. Dawa yake ni sahani za ukungu, zenye mikunjo mirefu chini na uso wa karibu milimita 440. Kwa hizo, 11 zinatosha.

Tahadhari mbili. Mwongozo uliofuata, wa 2008, unapima kwa msongo wa waya hadi ardhini, si waya kwa waya, kwa hiyo 25 ya zamani imekuwa 43.3. Ukichukua namba ya karatasi moja ukaipigia hesabu kwa msongo wa karatasi nyingine, unakosea kwa mara 1.73. Pili, usidhani mikunjo mingi ni bora siku zote. Ikisongamana, cheche inavuka kutoka ukingo hadi ukingo na urefu wote ulioununua unapotea bure. Na penye vumbi la jangwa na mvua haba, kama sehemu kubwa ya Oman, sahani pana yenye tumbo laini ndiyo inayofaa, kwa sababu upepo unaisafisha wenyewe na mikunjo haipo ya kuhifadhi vumbi.

Na mwinuko kutoka usawa wa bahari unabadilisha hesabu? Kwetu baridi tu, chumvi hakuna.
*Msomaji, Mbeya*

Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa nyepesi inazuia umeme kidogo kuliko nzito. Kupita mita 1,000, kadiria kupoteza asilimia moja na kitu kwa kila mita 100. Kwa mita 1,700 za Mbeya, nafasi ya hewa kati ya waya na chuma cha mnara iongezwe kwa asilimia 9 hivi. Ni nafasi ya hewa tunayoisema hapo. Uso wa sahani unaongozwa na uchafu zaidi kuliko mwinuko.

Kauri ya kikombe ina nini ndani, na je, kaolini ya Pugu inaweza kufaa?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam*

Ina vitu vitatu: udongo wa kuipa umbo (kaolini, yaani udongo mweupe, ni mmojawapo), feldispa, madini ya kuyeyuka na kuunganisha, na kwazi, madini magumu ya mchanga, ya kuwa mifupa. Kwa majaribio ya kilo 100 za malighafi kavu anza hivi: kaolini 28, udongo wa mfinyanzi mlaini 17, feldispa ya potasi 28, unga wa kwazi 27. Halafu rekebisha kulingana na udongo ulionao. Feldispa iwe ya potasi hasa. Ya soda inayeyuka mapema na kuwa nyepesi kama uji, kwa hiyo chombo kinapinda tanurini, tena ioni za sodiamu zinatembea kirahisi ndani ya kioo na kupunguza uwezo wa kuzuia umeme.

Kaolini ya Pugu imechanganyika na mchanga, kwa hiyo lazima ioshwe kwanza: koroga katika maji, acha mchanga uzame, chukua maji mazito ya juu. Usiutupe mchanga huo kabla ya kuupima, maana ni kwazi. Mutaka, kusini magharibi mwa Uganda, kuna kaolini na feldispa pamoja. Adui popote ni chuma. Punje moja ya chuma inakuwa doa jeusi lililoyeyuka ndani ya kauri, na doa hilo ndilo mlango wa kutobokea. Pitisha uji wa udongo kwenye sumaku si mara moja.

Saga kwazi na feldispa pamoja na maji kwenye kinu cha mipira mpaka karibu zote zipite kwenye chekecheo la maikromita 45. Hapa wengi wanaharakisha na kuharibu. Punje kubwa ya kwazi, tanuri likipoa kupita nyuzi 573, inanywea ghafla kuliko kioo kilichoizunguka na kuacha ufa wa duara usioonekana kwa macho. Vikombe vya kubeba mzigo mkubwa hubadilisha kwazi, yote au sehemu yake, kwa alumina (oksidi ya alumini) ili kuepa jambo hili na kuongeza nguvu.

Baada ya kuchuja, donge lenye maji kama asilimia 20 linapitishwa kwenye mashine ya kukandia yenye kunyonya hewa. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya kichwa cha sahani kinatosha: umeme unapasua hewa iliyo ndani yake, cheche ndogo zinatafuna kauri mwaka baada ya mwaka. Sahani inagandamizwa kwenye kalibu ya plasta, inakaushwa polepole, kingo zisitangulie kitovu, mpaka maji yawe chini ya asilimia moja.

Kumbuka kunywea. Mchanganyiko kama huu unanywea karibu asilimia 12 kutoka ubichi hadi kuiva, kwa hiyo sahani ya milimita 255 inaumbwa ikiwa na karibu 290. Usiamini namba yetu. Chora mistari miwili kwa umbali wa milimita 100 kwenye kipande kibichi, kichome, pima tena.

Tanuri linapanda taratibu mwanzoni ili mvuke utoke bila kupasua, linafika kati ya nyuzi 1,250 na 1,300 za Selsiasi na kushikwa hapo kwa saa kadhaa, kisha linapoa, kwa uangalifu zaidi karibu na nyuzi 573. Moto ukipungua, kauri inabaki na vinyweleo vinavyonywa maji. Moto ukizidi, feldispa inachemka na kuvimbisha mwili. Kasoro hizi mbili ni kinyume, lakini zote huishia kwenye kutoboka.

Ukitaka kujua upesi, vunja kipande na utone wino kwenye uso mpya uliovunjika. Ukifutika wote, kauri imefunga. Ukibaki alama, haijaiva. Kipimo rasmi cha IEC 60383 ni kikali zaidi: vipande vinalazwa katika spiriti yenye fuksini ya asilimia 1 chini ya shinikizo la megapaskali 15 kwa saa 12, kisha vinavunjwa tena. Rangi ikiwa imepenya ndani, kundi halifai.

Sahani za zamani tulizoshusha zina ufa mwembamba unaoanzia chini ya kofia. Hazikupigwa na kitu. Ufa umetoka wapi?
*Fundi wa kituo cha kupozea umeme, Morogoro*

Umetoka kwenye saruji, au kwenye kutu, na mara nyingi kwenye vyote viwili.

Kichwa cha sahani ndicho kilichobuniwa kwa akili kuliko sehemu nyingine yoyote. Kauri ikikandamizwa ina nguvu mara kumi hivi kuliko ikivutwa. Waya unavuta pini kwenda chini, mnara unavuta kofia kwenda juu, na ungetazamia kauri iliyo katikati ivutike ikakatika. Lakini pini ina ncha iliyopanuka kama kengele, na ndani ya kofia kuna mteremko. Pini ikivutwa, saruji inakaza kama kabari na kuibana kauri badala ya kuivuta. Ndiyo maana sahani ndogo namna hiyo inabeba kilonewtoni 120, uzito wa tani 12 hivi. Ili saruji ishike, kichwa hubandikwa chembe za kauri ndani na nje kabla ya kuchomwa. Pini na tumbo la kofia hupakwa lami nyembamba, na fundi asiyejua anaweza kudhani lami hiyo ni ya kuzuia kutu tu. Kazi yake kubwa ni kuacha chuma kiteleze kidogo. Chuma kinatanuka kwa joto karibu mara mbili ya kauri. Bila lami, kila siku ya jua na usiku wa baridi ungekuwa nyundo.

Sasa ufa. Saruji yenye magnesia (oksidi ya magnesi) au chokaa huru iliyozidi, au salfeti nyingi, inaendelea kuvimba kila inapopata unyevu, miaka mingi baada ya kukauka. Ya kwenye shimo la pini ikivimba inasukuma kauri kutoka ndani, yaani inaivuta, na huko ndiko kauri isikoweza. Kutu ya pini inafanya vivyo hivyo, kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ukinunua sahani mpya, uliza saruji ilijaribiwa vipi kwa mvuke. Kwa pwani, dai pini yenye pete ya zinki pale inapotokea kwenye saruji, ili zinki iliwe kwanza. Sahani hizo zenye ufa zivunjeni zisirudi kwenye laini, hata kama mega, kile kipimo cha uwezo wa kuzuia umeme, inazipitisha zikiwa kavu.

Vya kahawia na vya kijivu vinatofautianaje?
*Msomaji, Mombasa*

Kwa rangi. Kahawia inatokana na oksidi za chuma na manganizi kwenye glezi, ule utando wa kioo wa juu. Angalia ubora wa glezi, rangi iache. Glezi nzuri hutanuka kidogo pungufu ya mwili wake, kwa hiyo ikipoa inaukumbatia na kuuongezea nguvu. Ikiwa kinyume, inapasuka vijistari kama ganda la yai, na kikombe kinakuwa dhaifu kuliko kingekuwa bila glezi.

Tunaijuaje sahani iliyokufa ndani ya mnyororo, ikiwa kwa nje ni nzima?
*Mafundi watatu, Kisumu*

Hili ndilo tatizo kubwa la kauri, na muundo wote wa sahani unalipigania. Kikombe kimeundwa ili msongo ukizidi, umeme uruke hewani juu ya uso wala usipite mwilini. Sahani moja ya kawaida huruka kwa kilovoti 80 ikiwa kavu, 50 ikiwa imelowa, na hutoboka kwa 110. Mruko ukiisha, laini inarudishwa na sahani inaendelea na kazi. Ikitoboka haiponi, na tundu liko chini ya kofia msipoliona. Sahani za kioo kilichokazwa hujitangaza: zikiharibika, sketi yote inamwagika na kisiki kinabaki kikishika waya. Kauri inanyamaza.

Anzieni upande wa waya. Sahani hazigawani msongo sawa, kwa sababu kila kofia inavujisha mkondo kidogo kwenda kwenye mnara kupitia hewa. Chukueni mnyororo wa sahani tatu kwenye laini ya kilovoti 33, ambako waya hadi ardhini ni kilovoti 19. Uvujaji huo ukiwa sehemu ya kumi ya mkondo wa sahani yenyewe kwa msongo uleule, ya juu inabeba 5.6, ya kati 6.1, na iliyoshika waya 7.3. Mnyororo ukirefuka, pengo linakuwa kubwa zaidi, ndiyo sababu laini kubwa huwekewa pete ya chuma upande wa waya.

Laini ikiwa imezimwa, imethibitishwa haina umeme na imeunganishwa na ardhi pande zote mbili za mnara, futeni kila sahani ikauke, kisha pimeni kofia hadi pini kwa mega ya kilovoti 5. Nzima inasoma maelfu ya megaohmu. Ikisoma mia chache itilieni shaka, ifuteni na kupima tena, ikirudia, itoeni. Iliyotoboka itasoma karibu na sifuri. Msipime asubuhi yenye umande, maana mtapima maji.

Na msiiache kwa hoja kwamba waya bado umesimama. Siku radi itakapoupiga mnyororo huo, mkondo wa hitilafu utapita ndani ya kichwa kilichotoboka badala ya hewani. Joto lake linaweza kupasua kofia, na hapo waya unaanguka.