Barua pepe ya siri ikimfikia asiyehusika

Kosa likigundulika, wengi hukimbilia kuirudisha barua. Katika Outlook hilo huwezekana tu pale mtumaji na mpokeaji wanapokuwa kwenye mfumo mmoja wa kampuni. Kwa mtu wa nje halisaidii kitu. Gmail nayo hutoa sekunde 5 za kughairi, na ukibadilisha mipangilio mapema zinafika 30. Baada ya hapo barua imekwenda.

Wapigieni simu watu wa TEHAMA na afisa wa ulinzi wa data hapo hapo, hata kabla ya kujua ukubwa wa tatizo. Barua ikiwa imebaki ndani ya kampuni, msimamizi wa mfumo anaweza kuiondoa kwenye kisanduku cha aliyeipokea. Kama kilichotumwa ni kiungo cha faili na si kiambatisho, fungeni ruhusa mara moja, kisha someni kumbukumbu za mfumo kuona kama kuna aliyelifungua. Kiambatisho hakina dawa hiyo, ndiyo maana nyaraka nyeti hazifai kutumwa hivyo.

Mpokeaji wa nje aombwe kwa adabu, maana yeye hakukosa, na vitisho humfanya anyamaze au atafute wakili. Tahadhari ndefu zinazowekwa mwisho wa barua hazimfungi kirahisi mtu asiye na mkataba nanyi. Mwombeni asiisambaze, aifute kwenye kisanduku, kwenye pipa la taka na kwenye simu, kisha aandike kama aliifungua na kama barua zake hujituma zenyewe kwenda anwani nyingine. Ombi hilo liwe barua mpya. Ukijibu juu ya ile ya kwanza, siri yote inakwenda tena.

Kama kuna taarifa binafsi za watu, sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inatoa saa 72 tangu kampuni ilipojua, si tangu ilipotuma, kuiarifu mamlaka ya ulinzi wa data, isipokuwa pale ambapo hakuna uwezekano wa watu kudhurika. Hatari ikiwa kubwa, wenye taarifa nao waambiwe. Tukio lisiloripotiwa pia huandikwa kwenye rejista, pamoja na sababu ya uamuzi huo.

Septemba 2021 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliwaandikia Waafghani 245 waliotaka kuhamishwa, ikaweka anwani zote mahali ambapo kila mmoja aliziona. Wawili wakajibu kwa wote, mmoja akitaja alipo. Wizara iliwataka waifute barua, wabadilishe anwani zao na kutuma mpya kwa fomu salama. Hatua ya anwani mpya ni ya busara sana: anwani ikishaonekana, kufuta hakuifichi tena. Hata hivyo, mwaka 2023 Wizara ilitozwa faini ya pauni 350,000.

Chanzo cha mara nyingi ni programu kujikamilishia anwani baada ya herufi chache. Zimeni ukamilishaji huo kwa idara zinazoshika siri, wekeni barua zisubiri dakika moja au mbili kabla ya kutoka, na msimwadhibu anayeripoti kosa lake mwenyewe, kwa sababu wa pili atalificha na saa zenu zitapotea.