Uliza Tujibu: Mbona kurasa za burudani zinasifia tu?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nauliza hivi, mbona tamasha likidhaminiwa na kampuni kubwa, kesho yake magazeti yote ni "lilifana, lilitikisa jiji", hata kama saundi ilikata mara mbili na msanii kapanda jukwaani saa tisa usiku watu washalala? Waandishi wanalipwa au? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Ndugu yetu, bahasha zipo, tusidanganyane, wapo waandishi wa burudani ambao ile "nauli" ya promota ndo inawalisha kuliko mshahara. Ila bahasha ni hela ndogo. Kubwa ni matangazo, maana hapo mhariri hahitaji hata kupigiwa simu, anajua mwenyewe mdhamini wa tamasha ndo huyohuyo anayelipia ukurasa wa mwisho kila Ijumaa, basi stori ya saundi inakatwa "kwa kukosa nafasi" na maisha yanaendelea.

Na usidhani ni Bongo tu. Mwaka 2017 Los Angeles Times walichunguza Disney inavyofaidika na mji wa Anaheim, kule iliko Disneyland, bustani yao ya burudani, mfano lile jengo la maegesho lililojengwa kwa hela za mji halafu Disney wanalikodi kwa dola 1 kwa mwaka na hela za parking wanachukua wao. Hakuna muvi hapo kabisa! Lakini Disney wakajibu kwa kuwazuia wachambuzi wa filamu wa gazeti hilo wasione muvi zao kabla hazijatoka. Umeona ujanja? Kosa ni la waandishi wa uchunguzi, anayebanwa ni wa sanaa, kwa sababu yeye bila kuruhusiwa kuingia mapema hana kazi, uchambuzi wake unatoka watu washaangalia na kubishana na kusahau. Walilegeza Novemba 7, baada ya vyama vinne vya wachambuzi kusema filamu za Disney hazigusi tuzo zao mpaka marufuku iondoke. Bila huo umoja sijui kama wangejali.

Sony wao hawakusumbuka hata kubembeleza, wakajitungia mchambuzi hewa, David Manning, akawa anasifia muvi zao kwenye matangazo mpaka Newsweek ikawaumbua mwaka 2001.

Kwetu kuna jingine, chombo cha habari na biashara ya muziki kuwa nyumba moja. Redio ya Clouds na tamasha lao la Fiesta, redio ya Wasafi na msanii Diamond mwenye lebo. Sio dhambi, ila usisubiri redio iponde shoo yake yenyewe, na wasanii wanaolalamika kubaniwa nyimbo wanaanzia hapohapo.

Ukitaka kujua stori imelipiwa, angalia nani kanukuliwa kwanza. Ukikuta meneja masoko anaongea aya tatu kuhusu "kuwarudishia wateja wetu" na msanii hajasema neno, hilo ni tangazo.