Kuchuma Kuna Elimu Yake

Wengi wanaoniuliza kuhusu miti ya matunda ya nyumbani huanzia kwenye shimo na samadi, nami huwajibu kwa ufupi: shimo liwe na sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyokwisha kuoza, na ukinunua mche wa parachichi uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina moja kimeunganishwa juu ya shina la nyingine, kiungo hicho kibaki juu ya ardhi na machipukizi yanayotoka chini yake yaondolewe mapema. Panapotuama maji usipande parachichi kabisa, kwa kuwa mizizi yake huoza upesi. Swali wasiloniuliza, ambalo kwangu ndilo gumu zaidi, ni lini tunda lichumwe.

Parachichi haliivi mtini. Hukomaa likabaki gumu tawini kwa majuma mengi, kisha huiva wiki moja au mbili baada ya kuchumwa, kwa hiyo kulibonyeza likiwa bado linaning'inia ni kazi bure. Rangi nayo haitoshi, kwani parachichi aina ya Hass huwa jeusi likiiva ilhali aina ya Fuerte hubaki kijani hadi mezani. Mimi huchuma moja lililo kubwa na kuliacha juu ya kabati la jikoni. Likilainika lote sawasawa, mengine ya ukubwa huo yako tayari. Likisinyaa na nyama yake ikawa ya kunata na isiyo na ladha, nasubiri wiki mbili au tatu ndipo nijaribu tena. Ndani, ngozi ya kokwa husema kweli: ya tunda changa ni nene na nyeupe, ya lililokomaa ni nyembamba, kavu na ya kahawia. Likate kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi, maana ukilinyofoa, uozo huanzia pale kikonyo kilipong'oka.

Embe ni jepesi kulisoma. Mabega yake yakishajaa kuzunguka kikonyo, litaiva ndani hata kama limechumwa kijani, ila liinamishe utomvu utoke, kwa sababu huunguza ganda na ngozi ya mchumaji. Usikawie mno, kwani nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea Afrika Mashariki, hutaga ndani ya embe linaloiva. Yaliyoanguka yaokote kila siku na kuyafukia nusu mita chini. Ukiyaacha, funza huingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya.

Forosadi ni kinyume cha hayo yote: haiivi tena ikishachumwa, kwa hiyo ingoje iwe nyeusi kabisa (ndege hawana subira hiyo), tandika shuka kuukuu chini, tikisa tawi taratibu, nawe uile siku hiyohiyo. Mavuno yakiisha, pogoa matawi, kwani matunda huja kwenye machipukizi mapya, na vipande ulivyokata vichomeke ardhini penye unyevu upate miche ya kumgawia jirani.