Akili mnemba na mkulima wa jembe la mkono

Ndugu yangu umeuliza akili mnemba itamfaa nini mtu analima ekari moja kwa jembe la mkono, mi nakwambia inamfaa sana tena bila trekta wala droni. Angalia ile programu ya simu ya PlantVillage Nuru, wameitengeneza chuo kikuu cha Penn State cha Marekani na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na picha za majani ya muhogo za kuifundishia mwanzoni zilipigwa hapa hapa kwetu kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Unaelekeza simu kwenye jani inakwambia muhogo una ugonjwa gani, hii batobato au hii michirizi ya kahawia, inaongea Kiswahili na shambani haihitaji bando, hilo ndo limenigusa maana mashamba mengi hata mtandao hakuna.

Ila elewa hapa, simu inaona jani tu. Michirizi ya kahawia ubaya wake uko chini, mmea unaweza kusimama vizuri kabisa ukija kuvuna unakuta muhogo umeoza ndani, inauma sana jamani. Na magonjwa haya yanaletwa na virusi, dawa ya kupulizia kutibu haipo, unang'oa mche unachoma, mbegu unachukua safi au aina inayostahimili kama muhogo wa Kiroba. Kwahiyo simu ikishakwambia bado utamhitaji bwana shamba na mtu wa kukupa pingili safi, hapo ndo serikali iweke nguvu kwakweli maana kujua ugonjwa bila mbegu ya kubadilisha mkulima atapanda ile ile yenye virusi.