Jibu: Kuzuia nodi isipokee zaidi ya mshale mmoja kwenye GoJS (maktaba ya JavaScript ya kuchora michoro)

Ndugu, umeuliza kama nodi yako (kisanduku cha mchoro) ya "Malipo" inaweza kupokea mshale mmoja tu bila wewe kuandika kodi ya kufuta wa pili ukishachorwa. Inawezekana, na hiyo ya kufuta iache kabisa: mtumiaji ataona mshale umeshika halafu umetoweka, atadhani programu ni mbovu. Weka toMaxLinks: 1 kwenye ile poti (sehemu ya nodi ambapo mshale hunasa) yenye toLinkable, yaani inayoruhusu mtumiaji kuvuta mshale hadi pale. Mshale wa pili hautanasa pale.

Sharti likitegemea aina ya nodi, mfano "Uamuzi" isiungane na "Uamuzi" nyingine, andika funksheni ya linkValidation (ya kukagua kama mshale unaruhusiwa) irudishe true au false. Iweke kwenye linkingTool (zana ya kuchora mshale mpya) na kwenye relinkingTool (zana ya kuhamisha mshale uliopo) pia. Hapa ndipo wengi hukwama: wakiisahau hiyo ya pili, mtumiaji hushika ncha ya mshale wa zamani na kuuhamishia palepale palipokatazwa. Na kama unahesabu mishale ndani ya funksheni, usiuhesabu ule unaohamishwa. Mshale huo huletwa kwenye funksheni kama hoja ya tano.

Data unayoipakia kwa kodi haipiti kwenye ukaguzi huu, kwa hiyo ikague mwenyewe kabla ya kuihifadhi.