Maswali ya Wasomaji: Chembe za dawa zinazobadilika kabatini

SWALI: Tunatengeneza chembe za polikaprolaktoni (polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu ya molekuli) zenye dawa asilimia 10. Zikipimwa siku ileile, hutoa dawa polepole. Zikikaa wiki tatu kwenye joto la chumba, dawa nyingi humwagika siku ya kwanza. Hatujabadilisha chochote. Kosa liko wapi?

JIBU: Mchanganyiko wenu hauna kosa, polima ndiyo haijatulia. Polikaprolaktoni hulegea tangu nyuzi −60 hivi za Selsiasi, na fuwele zake huyeyuka karibu na 60. Kwa hiyo kwenye nyuzi 25 minyororo iliyo nje ya fuwele bado inajongea, na siku hadi siku mingine inajipanga kuwa fuwele. Ndani ya fuwele molekuli ya dawa haina nafasi. Husukumwa pembeni, nyingine hadi usoni mwa chembe, ambako maji huikuta mara moja.

Hakikisheni kwa kalorimita, kifaa kinachopima joto ambalo sampuli hufyonza inapopashwa. Chukueni miligramu 5, mzipashe kutoka nyuzi 0 hadi 100 kwa kasi ya nyuzi 10 kila dakika, na msome mpasho wa kwanza tu. Wa pili hukuta historia mnayoitafuta imeshafutika. Tuseme joto la kuyeyuka ni juli 63 kwa gramu. Gawanyeni kwa 139.5, ambayo ni ya polima iliyo fuwele tupu, kisha kwa 0.9 kwa sababu sehemu ya kumi ni dawa: ufuwele ni asilimia 50. Wengi husahau hiyo 0.9 wakapata 45. Na kilele cha kuyeyuka kwa dawa kisipoonekana kwenye mchoro, msishangilie kwamba dawa haina fuwele: huenda fuwele za dawa zimeyeyukia ndani ya polima iliyokwisha kuwa kimiminika.

Kila fungu lipitisheni kwenye joto na muda uleule kabla ya kupima, kwa mfano nyuzi 40 kwa saa 48 ikiwa dawa inastahimili. Hapo mafungu yatalingana, ila mmwago hautapungua. Ili upungue, zisuuzeni chembe kwa maji baridi baadaye, kisha mpime upya dawa iliyobaki, maana kiasi fulani kitakwenda na maji.

SWALI: Tukihamia PLGA, polima ya asidi za laktiki na glikoliki, je?

JIBU: Ile yenye asidi hizo nusu kwa nusu (50:50) haifanyi fuwele. Shida yake ni nyingine: hulegea kwenye nyuzi 45 hadi 50, unyevu hushusha kiwango hicho, na chembe hugandana. Iwekeni kwenye friji pamoja na kikaushi, na chupa isifunguliwe kabla haijafikia joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya chembe zikiwa bado baridi.